Filta Isiyomfaa Mwizi

Jumatano saa mbili asubuhi, Sajenti Esnath Mgaya wa upelelezi, kituo cha polisi Makambako, alisimama ndani ya gereji ya fundi Anold Sanga akiandika kwenye daftari vitu ambavyo mwizi hakuvichukua. Betri mbili mpya za lori. Seti nzima ya spana, imetundikwa ukutani. Redio. Madumu matatu ya oili nyekundu ya gia boksi, vifuniko havijaguswa. Mlango wa mabati haukuwa na mkwaruzo mpya, na kufuli lilikuwa zima.

Kilichopotea ni boksi la karatasi lisilozidi ukubwa wa sinia dogo. Ndani yake mlikuwa na filta ya gia boksi na gasketi ya sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya gia boksi.

"Afande, unapoteza muda," alisema Stanley Mligo, mfanyabiashara wa mbao wa Njombe, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono mifukoni. "Fundi mwenyewe mnaye mahabusu. Mwulizeni ameiuza kwa nani."

"Wewe unadhani ameiuza kwa nani?"

Swali hilo ndilo lililomtoa Esnath kituoni kabla ya chai. Filta ile iliweza kuingia kwenye gari moja tu katika mkoa mzima, na gari lenyewe lilikuwa limesimama uani nyuma yao.

Lilikuwa gari-nyumba, refu kama basi dogo, rangi ya maziwa iliyogeuka manjano kwa jua, usukani upande wa kushoto. Ndani lilikuwa na vitanda viwili, jiko la gesi, meza ya kukunja na mapazia ya maua. Lilitengenezwa Marekani mwaka 1976. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Wazungu wawili, mtu na mkewe, walilileta wakitokea kusini, likawafia Makambako. Walikaa wiki tatu nyumbani kwa dereva wa malori aitwaye Efraimu Mligo, baba yake Stanley, wakakata tamaa, wakapanda treni na kumwachia gari pamoja na karatasi zake zote. Efraimu alilifufua. Tangu siku hiyo lilikuwa limebeba maharusi, kwaya ya usharika, maiti wawili na wagonjwa wasiohesabika, na mama mmoja wa Lupembe alijifungulia humo kabla halijafika hospitali.

Sasa gia zilikuwa zinateleza. Kwenye kilima injini ilinguruma na gari likabaki palepale, kama mtu anayeitwa na hataki kuitika. Ilibidi oili yote ya gia boksi imwagwe na filta ibadilishwe. Filta hiyo haikupatikana Dar wala Nairobi. Binti wa wale Wazungu, mtu mzima sasa, ndiye aliyeitafuta huko kwao na kuituma. Ilichukua miezi minne kufika.

Na siku zilikuwa zimekwisha. Jumamosi, Sista Scolastika Haule angeadhimisha miaka hamsini ya nadhiri zake karibu na Lugarawa. Sista huyo alikuwa mdogo wake Teodora, mke wa Efraimu. Teodora alivunjika nyonga miaka miwili iliyopita na hakuweza kukaa kwenye kiti kwa zaidi ya nusu saa. Njia ya kutoka Njombe hadi Lugarawa ni kona na milima saa nzima juu ya saa nyingine. Gari pekee ambalo angeweza kusafiri nalo, amelala kitandani, ni hili.

"Mwizi huiba anachoweza kula, kuvaa au kuuza," Esnath alisema akifunga daftari. "Hiki hakiliwi, hakivaliwi, na hakina mnunuzi. Aliyekichukua hakuhitaji filta. Alihitaji gari lisiondoke."

Stanley alifikiri kidogo. "Basi ni Brayson wa nyumba ya wageni," akasema.

Esnath alimwambia angemfikia Brayson. Kwanza alitaka kuzungumza na mwenye gari.

Mzee Efraimu Mligo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari-nyumba, koti zito limefungwa hadi kidevuni, kofia ya sufu imeshuka juu ya masikio. Alikuwa na miaka sabini na sita na mafua ya baridi ya Juni. Esnath alimwamkia, akaomba amweleze, kama mtu anayemweleza mjinga, filta ile inafanya kazi gani.

Uso wa mzee ukachangamka. Alimwambia kwamba gari hili halina klachi; gia zinajibadili zenyewe kwa nguvu ya oili, na oili ikiwa chafu gia hazina kitu cha kuzishika. Filta hukaa chini kabisa, ndani ya sampo, ikichuja uchafu. Akamwomba Stanley awashe injini, maana oili ya gia boksi haipimwi gari likiwa limezimwa, inakudanganya. Injini ilipopata moto, alichomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, akaifuta kwa kitambaa cheupe na kumnyooshea Esnath.

"Unaona? Bado ina wekundu wake. Imechoka, lakini haijafa."

Esnath alikitazama kitambaa. Alimshukuru mzee, akaomba abaki nacho, akakikunja na kukitia kwenye bahasha ya vielelezo. Hakuuliza kitu kingine juu yake.

Kwa maelezo aliyoyatoa kituoni jana yake, Efraimu aliondoka gereji Jumatatu saa tisa alasiri akaliacha boksi mezani. Esnath alimwuliza tena. Saa tisa, alisema mzee, au karibu na hapo. Akamwuliza kama anamshuku fundi Anold. Mzee alipenga kamasi, akakunja leso yake kwa muda mrefu.

"Anold ni mtu mzuri," alisema. "Ni Stanley aliyetaka tuje polisi."

Brayson Chaula alikuwa na nyumba ya wageni jirani na maegesho ya malori, na kila mtu Makambako alijua kwamba analitaka gari-nyumba la Mligo alifanye mgahawa. Esnath alimkuta nyuma ya kaunta akipanga funguo za vyumba.

"Jumatatu ulikwenda gereji kwa Anold."

"Nilikwenda. Sio siri."

"Kufanya nini?"

"Kupima. Nilitaka kujua kama naweza kutoboa dirisha ubavuni bila kugusa chuma kikubwa."

"Gari la mtu."

"La mtu atakayeuza siku moja, Afande. Mimi ni mvumilivu. Nimemwambia Mzee Mligo, siku akichoka nalo aniite mimi kwanza."

"Na kama filta ikipotea, siku hiyo inakaribia."

Brayson hakukasirika. Alitoa simu, akatafuta, akamgeuzia. Kulikuwa na picha tatu za gari-nyumba zilizopigwa kutoka ubavuni. Nyuma yake mlango wa gereji ulikuwa wazi, na juu ya meza ya fundi lilionekana boksi jembamba lililozungushiwa utepe wa bluu. Esnath alikuza picha ya tatu. Katika dirisha la mbele la gari, nyuma ya kioo, alikuwepo mtu amekaa, kofia ya sufu imeshuka masikioni.

"Ulizungumza naye?"

"Nilimpungia mkono. Hakunipungia. Nikajua amekasirika kuniona na futi yangu, nikaondoka."

Simu ilionyesha kwamba picha ilipigwa saa kumi na dakika arobaini.

Esnath alimwomba amtumie picha zile, kisha akavuka barabara kwenda kwa mchomeleaji wa mageti karibu na reli. Mchomeleaji alithibitisha alichokwisha kusema Anold: Jumatatu saa kumi fundi alimletea mguu wa jeki uliovunjika, akakaa naye hadi saa kumi na moja, wakiungoja upoe. Hivyo boksi lilikuwepo mezani saa kumi na dakika arobaini, fundi akiwa kwa mchomeleaji, na mtu pekee aliyebaki uani ni yule ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa ameshaondoka tangu saa tisa.

Kituoni, kabla hajamwita Anold, Esnath aliyatoa tena maelezo ya mlalamikaji kwenye jalada. Sahihi ya Efraimu ilianza vizuri kwenye mstari, ikapanda, ikamalizikia juu ya neno "Makambako" lililokwisha chapwa. Pembeni konstebo aliyeyachukua alikuwa ameandika kwamba mlalamikaji aliomba asomewe. Esnath alimwuliza konstebo kama mzee alikuwa na miwani. Konstebo alisema alikuwa nayo, mfukoni.

Anold Sanga aliletwa akiwa peku, maana viatu vyake vya kamba vilibaki kaunta. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mpole, mikono yake imeiva oili hadi kwenye mistari ya viganja. Alikuwa amelala usiku mmoja kwenye saruji na hakulalamika.

"Jumatatu ulipokwenda kwa mchomeleaji, nani alibaki gereji?"

"Sikumbuki, Afande."

"Unakumbuka kila nati ya gari lile, lakini hukumbuki aliyebaki uani?"

Esnath akafungua bahasha, akatandaza kitambaa cheupe mbele yake.

"Hii oili ina rangi gani?"

"Nyeusi. Kama kahawa iliyochemshwa mara mbili. Imeungua hiyo."

"Mzee Mligo ameniambia ina wekundu."

Fundi alikishika kitambaa kwa ncha za vidole, akakikunja mara mbili, taratibu, kama kinachoweza kuvunjika.

"Nani alikufundisha kusoma rangi ya oili?" Esnath aliuliza.

"Yeye."

Kisha akaeleza, kwa maneno machache, kwamba alitoka Makete akiwa na miaka kumi na tisa bila kazi, na Efraimu alimchukua awe utingo wake. Huko njiani, lori likisimama, mzee alikuwa akianika vitambaa vitatu vya oili juu ya boneti: chekundu, cha kahawia na cheusi. Alimwambia avitazame mpaka aviote. Kila alichojua kuhusu gari, alikijua kutoka kwa mtu yule.

"Macho yake umeyajua tangu lini?"

"Afande, mimi sikuiba. Hilo andika. Mengine usiniulize."

"Utalala humu tena leo."

"Baridi ya Makambako nimeizoea," alisema Anold.

Esnath aliandika alichoambiwa aandike, akaomba gari la kituo na dereva wa kwenda Njombe.

Nyumba ya Mzee Mligo ilikuwa kata ya Ramadhani, mwisho wa mtaa, ikiwa na shamba dogo la viazi mbele na miparachichi mitatu nyuma. Stanley alikuwa amemrudisha baba yake mchana na kwenda kwenye mbao zake. Mzee alikuwa shambani. Esnath alimwona kwa mbali akipita kati ya matuta, mguu mmoja ukitangulia kutafuta tuta kabla mwingine haujafuata. Hakumwita. Alibisha hodi mlango wa mbele, na sauti ya mwanamke ikamkaribisha kutoka chumbani.

Teodora Haule alikuwa amelazwa ubavu, uso dirishani, akifuma skafu ya sufu ya kijivu. Rozari ilining'inia juu ya kitanda upande wake. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na kalenda ya usharika wa Kilutheri wa mumewe. Wawili hao walikuwa wameishi hivyo miaka arobaini na minane, kila mmoja na kanisa lake na ukuta wake. Alimwambia Esnath kwamba skafu ni ya mdogo wake Scolastika, na kwamba ataituma kwa basi la Ludewa kwa kuwa yeye mwenyewe hatakwenda.

"Kwa nini huendi, mama?"

"Kile chuma cha gari hakijafika. Baba Stanley aliniambia Jumatatu. Amehuzunika kuliko mimi."

Esnath alivuta kigoda akakaa. Alimweleza, bila kuzunguka, kwamba filta ilifika wiki iliyopita, kwamba iliibwa gereji, na kwamba Anold Sanga yuko mahabusu kwa sababu hiyo tangu jana.

Sindano za kufumia zikasimama.

"Anold? Huyu Anold wetu?"

"Ndiye."

"Na Baba Stanley anajua?"

"Malalamiko ni ya kwake, mama. Ametia sahihi."

Teodora aliweka skafu kifuani, akasema kwamba Jumatatu jioni mumewe alirudi, akaingia chumbani akidhani amelala, akapiga magoti pembeni ya kitanda. Mlutheri huyu, alisema Teodora, hajawahi kupiga magoti upande huu wa kitanda tangu wafunge ndoa. Alidhani anamwombea, akafumba macho asimwonee haya. Kisha akasikia karatasi ikikwaruza sakafu.

"Alijua siwezi kuinama," alisema. "Angalia chini hapo, mwanangu."

Esnath alipiga magoti. Nyuma ya beseni na viatu vya kanisani, limesukumwa hadi ukutani, lilikuwepo boksi jembamba lenye utepe wa bluu. Alilivuta, akalifungua mbele ya shahidi wake, akahakikisha: filta moja, gasketi moja, havijatumika.

Teodora aliinua sauti kuelekea shambani. Hakusema Baba Stanley.

"Efraimu."

Mzee alikuja haraka, mkono wake ukigusa kizingiti, kisha ukuta, kisha ubao wa kitanda. Alimwona mgeni kama kivuli tu, maana alimsalimu Esnath kama mtu asiyemjua, "Bwana asifiwe," kisha alipoisikia sauti yake akamtambua. Esnath alimwekea boksi mikononi. Vidole vyake vilipita juu ya utepe, vikajua.

"Kaa," alisema mkewe.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Esnath alimwambia hatamwuliza kuhusu boksi kwa sababu kila kitu anakijua. Anataka kujua kuhusu macho.

Ilianza mwaka jana, alisema Efraimu. Alidhani ni ukungu wa Njombe, mpaka siku moja saa sita mchana, watu wakilalamika jua, yeye bado alikuwa anaona ukungu. Mwezi wa tatu alikuwa anatoka Itoni na gari, akamkosa kwa upana wa kiganja mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mianzi. Mtu yule aliangukia mtaroni. Hakuumia, alisimama akacheka, akamwambia pole mzee, barabara ni mbovu. Barabara ilikuwa nzuri kabisa. Tangu siku hiyo hajashika usukani, ila hakumwambia mtu. Anold alipokuja kulichukua gari, yeye alijifanya goti linamsumbua ili asiendeshe.

"Nilimwahidi mama huyu kwamba nitampeleka mimi," alisema. "Nimempeleka kila mahali mimi. Nikawaza, kitu kikipotea, hakuna aliyeshindwa."

"Na Anold?" aliuliza Teodora.

"Nilidhani atasema tu kimepotea, basi. Alipiga simu Jumanne, Stanley akasikia, akawasha gari twende polisi. Kila nilipotaka kusema, tulikuwa tumeshasogea mbele zaidi."

"Kwa hiyo ukamwacha alale ndani."

Mzee aliinamisha kichwa. Mkewe akanyoosha mkono na kumtoa jani la kiazi lililonasa kwenye mkono wa koti.

"Vaa viatu vizuri," alisema. "Nenda na Afande ukaseme."

Walifika Makambako jua likiwa bado juu ya mabehewa ya stesheni. Mkuu wa kituo, Inspekta Jofrey Lulandala, alisikiliza taarifa ya Esnath hadi mwisho, akauliza kosa ni lipi. Esnath alijibu kwamba mtu haibi mali yake, kwa hiyo wizi haupo; lakini kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa, na lina jalada lake kama mkuu akiagiza. Inspekta alimtazama mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi na kofia mapajani. Akasema aandike maelezo mapya, ya kweli yote, na onyo liingizwe kwenye jalada kwa kalamu isiyofutika. Kuhusu kumshitaki, atamsikiliza kwanza aliyelala kwenye saruji.

Esnath aliandika, akamsomea sentensi moja moja. Mzee alimsimamisha mara moja tu. Esnath alikuwa ameandika "kwa sababu ya uzee".

"Andika macho," alisema Efraimu. "Uzee sijaukataa."

Kisha akaletwa Anold. Alikuwa ameshika viatu vyake mkononi. Efraimu alisimama aliposikia hatua, akageukia upande wa mlango, na kwa kuwa hakuona uso wa mtu alisema maneno yake yakielekea kidogo pembeni, kwenye kabati la majalada. Alisema ni yeye aliyechukua. Alisema alimwachia mwanawe wa kazi abebe mzigo wake, na kwamba hana haki ya kuamkiwa na mtu huyu tena.

Anold alisogea hatua mbili, akasimama mbele ya lile kabati, mahali yalipokuwa yanakwenda maneno ya mzee.

"Shikamoo, Mzee," alisema. "Sampo tufungue leo, au tungoje kesho iwe na mwanga?"

Inspekta Lulandala alifunga jalada, akaenda kutafuta chai.

Walifungua Alhamisi asubuhi. Esnath alikwenda gereji kukabidhi kielelezo kwa sahihi, akabaki. Stanley naye alikuwepo; alikuwa amemwomba fundi radhi kwa sauti ndogo, kisha akavua koti na kuomba apewe kazi. Anold aliwasha injini dakika chache ili oili ilainike, akazima, akaweka vigingi chini ya magurudumu, akateleza chini ya gari. Mzee Mligo alikaa kwenye kigoda karibu kabisa na tairi.

"Bolti za nyuma zilegeze kwanza," alisema. "Za mbele usiguse. Sampo iiname yenyewe, oili imwagike upande mmoja, la sivyo utaoga."

"Nakumbuka, Mzee."

"Najua unakumbuka. Nasema tu."

Oili ilishuka kwenye beseni, nyeusi, na harufu ya kuungua ikajaa uani, hata mzee akainusa ndani ya mafua yake. Sampo ilipotoka, Anold alichukua sumaku ndogo iliyokaa ndani yake, akaiweka kwenye kiganja cha mwalimu wake. Efraimu alisugua uchafu ulionasa juu yake kwa kidole gumba kwa muda mrefu. Esnath aliuliza anatafuta nini.

"Vipande vya chuma," alijibu Anold kwa niaba yake. "Kukiwa na vipande, gia boksi imekwisha, na hakuna wa kututumia nyingine."



"Vumbi," alisema mzee mwishoni. "Vumbi tupu. Inaishi."

Filta ya zamani ilitoka imeziba kama kitambaa cha jikoni. Mpya ikaingia, gasketi ikakaa, bolti zikakazwa kwa mkono kwa kuvukana, kona hii kisha kona ya mbali, bila haraka. Oili nyekundu iliingia kupitia bomba la dipstiki kwa faneli, lita nne kwanza. Injini ikawashwa. Stanley akakaa kwenye usukani, mguu kwenye breki, akipeleka mkono wa gia mbele na nyuma, kila mahali akisubiri kidogo, kama baba yake alivyoamuru. Anold alipima, akaongeza, akapima tena. Mara ya nne alifuta dipstiki kwenye kitambaa kipya cheupe, akakisogeza karibu sana na uso wa mzee.

Efraimu alikitazama. "Sidanganyi," alisema. "Sioni."

"Nyekundu," alisema Anold. "Kama ulivyokuwa unaianika."

Siku hiyohiyo walikubaliana mambo mawili. Anold ataendesha. Na Jumatatu, wakiwa hukohuko Lugarawa, Mzee Mligo atakwenda hospitali apimwe macho; Teodora alikuwa ameshapiga simu kwa mdogo wake na mdogo wake alikuwa ameshazungumza na daktari, na wanawake hao wawili hawakumwomba Efraimu maoni.

Ijumaa asubuhi Esnath alikuwa na shahidi wa kesi nyingine Njombe, akapitia Ramadhani. Gari-nyumba lilikuwa limesimama mbele ya shamba la viazi, mlango wa ubavuni wazi. Stanley na Anold walimbeba Teodora kwa shuka, wakamlaza kwenye kitanda cha dirishani, wakamwekea mito mitatu, na ile skafu ya kijivu mapajani, imekamilika. Majirani walikuwa wametoka na themosi za chai, na mmoja akatia mfuko wa viazi chini ya meza.

Efraimu alikuwa amevaa suti. Alizunguka gari kwa kulishika, akafika mbele, akafungua mlango wa abiria karibu na dereva. Alipandisha mguu mmoja.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Teodora kutoka ndani.

"Nakaa na Anold. Nimsikilizie gia."

"Anold ana masikio yake. Miaka yote hii umenisafirisha, Efraimu, na mimi nyuma hapa na watoto na masufuria, natazama kisogo chako. Kisogo chako nakijua kuliko mtu yeyote duniani. Leo njoo ukae hapa."

Mzee alibaki na mguu juu kwa muda. Kisha akaushusha. Alirudi kwa ubavu wa gari, mkono ukipita juu ya bati, mpaka akapata mlango. Esnath alimshika kiwiko, akampandisha ngazi. Alimsikia akiugonga ukingo wa meza ya kukunja, akimwomba meza radhi, akikaa.

"Sogea," alisema Teodora. "Hapo. Sasa nitakuambia tunapita wapi."

Mbele, Anold alingoja mpaka kitanda kikanyamaza. Akaachia breki, akavuta mkono wa gia. Gari-nyumba lilishika bila kushtuka, likapanda kilima cha Ramadhani polepole, na kupitia dirishani Esnath aliisikia sauti ya Teodora ikianza: nyumba ya jirani Ema imepakwa rangi mpya, ya kijani, mbaya sana, kuna mwanamke anaanika mahindi, kuna ukungu bondeni, ukungu wa kweli huu, hata mimi nauona.